Mkate wa Kuvushwa

Wambaa, kijiji cha pwani ya Pemba, mtoto hafundishwi kuogelea, kama asivyofundishwa kupiga chafya. Hutumbukia majini hajui, akatoka anajua, na mama yake hata habari hana. Ndiyo maana Ngwali Matano aliporudi kijijini baada ya miaka mingi ya ubaharia kwenye meli ya serikali, akatangaza kuwa atawafunza watoto kuogelea, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja alimuuliza kama akishamaliza watoto atawafunza na samaki.

Kicheko kilikatika mwaka 1957, kwenye mashindano ya Wete. Watoto wa Wambaa, wana wa wavuvi na wajukuu wa wavuvi, walishindwa na watoto wa mjini ambao baba zao walikuwa makarani na wenye maduka. Walishindwa mchana kweupe, na watu wamejaa gatini wanatazama. Safari ya kurudi hakuna aliyezungumza. Kesho yake asubuhi Ngwali alikuta ufukwe umejaa watoto waliojifunga uwinda, na nyuma yao mama zao wakiwasukuma. Tangu siku hiyo aliitwa Maalim wa Maji, na habari ya samaki haikutajwa tena.

Ngwali hakujua namna nyingine ya kufunza ila ile aliyofunzwa mwenyewe chuoni utotoni. Kwa hiyo aliupanga uogeleaji kama watoto wanavyopangiwa Msahafu: kidogo kwanza, kisha zaidi, na hakuna kuruka. Wadogo walikuwa wa Mchangani, ambako maji hayapiti kifua. Wakifuatia wa Mkokoni, kwenye mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, maji marefu lakini yaliyotulia. Wakubwa ndio waliokuwa wa Mlangoni. Mlango ni ule mkondo ulio baina ya pwani ya kijiji na Fungu Jeupe, kisiwa kidogo cha mchanga mtupu. Ukiyatazama maji yake utadhani yamelala, kumbe yanakwenda, tena yanakwenda na mtu. Na timu ya Wete ilichaguliwa kutoka Mlangoni, si penginepo.

Kama chuoni vilevile, mtoto hakuhama kundi mpaka avushwe. Maalim humwambia mzazi, "Mwanao tayari." Mama hupika mkate wa kumimina, akaufunika kwa kawa zuri, akaupeleka kwa maalim. Maalim akishafunua kawa na kumega kipande cha kwanza, mtoto kavuka. Hapakuwa na kurudi nyuma, kwani mkate ule ulikuwa na baraka, na nani aliyewahi kusikia mtu kaitapika baraka?

Ngwali mwenyewe ndiye aliyeileta ada hiyo ufukweni. Aliipenda sana, hasa kwa vile alipenda mkate wa kumimina.

Ilikuwa siku chache baada ya Idd Ndogo, na Ngwali alikuwa akifunga sita, zile siku za sunna za Mfunguo Mosi. Majirani wakijua, na kila magharibi walimletea kitu cha kufuturu, huyu uji, yule muhogo wa nazi. Jioni hiyo alirudi kutoka msikitini, akaketi mkekani, akaona sahani tatu zimefunikwa. Njaa haina macho. Alifunua kawa lililokuwa karibu na mkono wake, akasema bismillahi, akamega.

Mkate ulikuwa laini, una hiliki, umeungua kidogo pembeni kama anavyotaka mwenyewe. Alimega tena.

Mkewe, Mize, alitoka jikoni na samaki wa kukaanga, akasimama mlangoni.

"Ngwali! Ushafunua?"

"N'shafunua. Adhana ishatoka, ulitaka n'ngojee nini?"

"Uno mkate wa nani?"

"Wa jirani tu. Mtamu huo! Hebu kaa ule."

"Litazame kawa, bwana weye."

Ngwali alilitazama kawa, akaacha kutafuna. Lilikuwa kawa jekundu lenye mistari myeusi, la marehemu mama yao, na siku hizi likikaa kwa dada yake mkubwa, Bi Mwanapili. Halikuwa kawa la kufunikia muhogo. Lilitoka kwa mambo makubwa tu.

"Kauleta miye niko jikoni," Mize alisema, akijizuia asicheke. "Kaniambia dirishani, 'Mize, amana ya Ngwali n'meiweka mkekani.' Miye nikadhani futari."

"Basi huenda ikawa futari."

Kabla Mize hajajibu, nyuma ya migomba kulisikika vicheko na vishindo vya miguu. Watoto wawili wa kike wa Mwanapili walikuwa wamejificha pale kitambo, na sasa walikuwa wakikimbilia kwao wakipiga kelele, "Kala! Mjomba kala!" Haukupita muda, vigelegele vikatoka nyumba ya Mwanapili, vikaitikiwa nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka mwisho wa kijiji.

Ngwali aliusukuma mkate kando. Mwanapili alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Abrahman, aliyemzaa baada ya mabinti watupu, na Abrahman alikuwa wa Mkokoni. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinajua kuwa amevushwa Mlangoni. Na Jumamosi, maji yakiwa mafu na mkondo umepungua, wote waliovushwa walikuwa waogelee kutoka pwani hadi Fungu Jeupe mbele ya watu.

Tatizo ni kwamba Ngwali hakuwahi kusema kuwa Abrahman yuko tayari. Hakusema kwa sababu hakuwa tayari.

Asubuhi alikwenda kwa dada yake. Mwanapili alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na kila aliyepita njiani alimwita ampe hongera. Huyu ndiye aliyemlea Ngwali mama yao alipofariki, akambeba mgongoni, akakuna na nazi za kumlipia shule. Mbele ya Mwanapili, Maalim wa Maji alikuwa bado mtoto wa kupangusa kamasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Maalim wangu. Ulishiba?"

"Nilishiba, ahsante. Lakini dada, yule mtoto miye sikukwambia kuwa tayari."

"Hukuniambia, ila ulikuwa wataka kuniambia. Nikaona nikupunguzie kazi."

"Dada!"

"Hebu nijibu. Mkokoni nani anamshinda mbio?"

"Hakuna."

"Nani anakaa chini ya maji kuliko yeye?"

"Hakuna."

"Kwani hasikii? Hana adabu? Hasali?"

"Yote anayo."

"Basi kilichobaki n'nini? Aote mapezi?"

Ngwali alivuta pumzi. "Hajui kuchoka, dada."

Mkono wa Mwanapili ulisimama juu ya nazi. "Rudia tena, nisikie vyema. Mwanangu hajui kuchoka, ndiyo kosa lake?"

Ngwali alijaribu kueleza. Kabla ya Ramadhani, huko Mkokoni, alimwona Abrahman akisimama ghafla katikati ya maji, uso umembadilika. Mshipa wa mguu ulikuwa umemkaza. Badala ya kuita, badala ya kunyoosha mkono juu kama watoto wote walivyofunzwa, alizama. Akaibuka mbali, karibu na mikoko, ameshika kombe la chaza, akaliinua kuwaonesha wenzake kama vile alikwenda kulifuata hilo. Wenzake walimshangilia. Ngwali peke yake ndiye aliyeona midomo ilivyokuwa myeupe.

"Mkokoni kuna mizizi ya kushika," alisema. "Mlangoni hakuna. Mtoto akizama kimya Mlangoni, hata mtumbwi ukiwepo, nani atajua pa kumtafuta? Miye mbio sizipimi, dada. Nampima mtoto kama atajua kusema 'n'mechoka' kabla bahari haijamsemea."

Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa hilo lazima tumsifu. Kisha akachukua kifuu, akakipekua kwa kidole.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema. "Umekula mkate wangu, Ngwali. Wambaa nzima imesikia. Ukimrudisha Mkokoni sasa, atakuwa mtoto wa kwanza kurudishwa na mkate ushaliwa. Unadhani atatia tena mguu majini? Unadhani atatoka hata nje?"

Hapo dada yake alisema kweli. Alimjua Abrahman. Akimrudisha, angempoteza. Akimwachia, huenda Mlango ukamchukua. Na aliyejitia katika mtego huo ni yeye mwenyewe, kwa kushindwa kuuliza sahani ni ya nani.

Alimkuta Abrahman ufukweni, anajinyoosha mabega. Alikuwa kijana mwembamba, mabega yamemkomaa kwa kupanda mikarafuu, na furaha aliyokuwa nayo siku hiyo ilimfanya Ngwali atake kugeuza njia. Lakini hakugeuza.

"Shikamoo, mjomba! Sikulala, wallahi."

"Marahaba. Kaa hapa n'kuulize. Jumamosi ukichoka katikati ya Mlango, utafanya nini?"

"Sitachoka."

"Na mguu ukikaza?"

"Ntaogelea kwa mikono."

"Na mikono ikikataa?"

Abrahman alifikiri. "Ntasoma dua."

"Dua njema. Na baada ya dua, kwa nini usinyooshe mkono Duni akaja na mtumbwi?"

Kijana aliinamisha kichwa, akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Niwe bi harusi, mjomba?" alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Kama Mbarouk?"

Ngwali aliikumbuka siku ile. Mbarouk, mtoto mmoja wa Mlangoni, alinyoosha mkono katikati ya mkondo mwaka uliopita, kama alivyofunzwa. Duni, mwenye mtumbwi, ambaye hakuna jambo asiloligeuza mzaha, alimpakia akamrudisha pwani huku akipiga kasia na kumwimbia nyimbo za harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akavua kanga yake akamfunika Mbarouk kichwani, wakampokea kwa mikono, bi harusi kaja, bi harusi kaletwa kwa chombo! Mwezi mzima aliitwa hivyo, mpaka na wadogo wa Mchangani. Baada ya hapo Mbarouk alisema masikio yanamuuma, akaacha kuogelea.

"Ule ulikuwa mzaha tu," Ngwali alisema.

"Najua, mjomba. Hata weye ulicheka."

Mtoto aliyasema hayo bila ubaya, kama mtu anayesema leo Alhamisi. Lakini Ngwali yalimwingia. Alicheka, kweli. Alicheka mpaka akakaa chini. Na sasa akihesabu nyuma, tangu siku ile hakuna mtoto wa Wambaa aliyenyoosha mkono tena. Yeye alijisifu kuwa wamekuwa hodari. Kumbe aliwafunza kunyoosha mkono kwa maneno, kisha kijiji kizima, na yeye ndani yake, kikawafunza kutonyoosha kwa kicheko. Mwalimu wa pili alifunza vizuri zaidi.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alitembea pwani peke yake akifikiri. Angeweza kupiga marufuku mzaha wa bi harusi. Lakini nani aliyewahi kuwapiga marufuku Wapemba kufanya mzaha? Wangeufanya chinichini, na ungekuwa mkali zaidi. Angeweza kuwahutubia watoto. Alikwisha kuwahutubia sana. Mpaka alipofika kwenye majabali, jambo moja tu ndilo lililobaki, na hakulipenda hata kidogo.

"Jumamosi sikai mtumbwini," alimwambia Mize. "N'taogelea nao."

Mize alimtazama tumbo. "Weye?"

"Miye. Nikifika katikati, n'tajifanya n'mechoka. N'nyooshe mkono, Duni anibebe, kijiji kicheke mpaka kichoke. Wakishamcheka maalim, mtoto ataona haya ya nini?"

"Na heshima yako?"

"Heshima itaogelea yenyewe," alisema Ngwali, lakini ndani ya moyo wake hakuwa na uhakika.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamejaa na yanataka kusimama. Kijiji kizima kilishuka pwani. Siku zile siasa zilikuwa zishaanza kuwagawa watu, mpaka mtu huchagua duka la kununulia chumvi, lakini kwa kuogelea wote walikaa jamvi moja na kugombea kivuli kimoja. Mwanapili alikuwa mbele kabisa, amevaa kanga mpya, anawaonesha watu mwanawe kama vile hawajamwona tangu azaliwe. Mbarouk naye alikuja, akasimama pembeni na masikio yake yasiyouma.

Ngwali aliposhuka na uwinda kiunoni, kelele zilipanda.

"Yakhe, leo umeacha kiti chako?" Duni alimwita kutoka mtumbwini.

"Leo nawasindikiza."

"Haya. Ukizama nijulishe, nikuletee kiti."

Watoto walikuwa wanne. Waliingia majini pamoja na Ngwali nyuma yao kidogo, na Duni akafuata kwa mtumbwi. Abrahman alianza kwa fujo, kichwa chini, mikono ikikata maji zamu kwa zamu, na punde akawa mbele ya wenzake wote. Pwani walikuwa wakimwita jina lake.

Ngwali aliogelea kwa starehe. Alikuwa na mpango wake na aliujua. Angefika katikati, pale rangi ya maji inapogeuka, angesimama, angenyoosha mkono, basi. Zamani, akiwa kijana, Mlango huu aliuvuka kwenda na kurudi na bado akataka kucheza mpira.

Lakini zamani ni zamani. Alikuwa hajafika pale rangi inapogeuka alipohisi mikono yake imekuwa mizito. Miaka yote hii alikuwa akikaa mtumbwini anaamrisha, vuta, pumua, inua kichwa. Yeye mwenyewe Mlango hakuuvuka tangu sijui lini. Juu ya hayo, ametoka kufunga mwezi mzima na sita nyuma yake. Kifua kilianza kumwaka. Alinyanyua uso akaona rangi ya maji inapogeuka, iko palepale, haimsogelei.

Nyosha mkono, alijiambia.

Hakunyosha. Alisikia kelele za pwani, akawaza, bado kidogo, nifike palepale nilipopanga. Akapiga mikono tena. Akanywa maji. Bado kidogo. Kama atanyosha hapa, kabla ya katikati, watu watasema Ngwali kweli kachoka; akinyosha pale mbele, atajua mwenyewe kuwa alikuwa akiigiza. Alipiga tena, na maji yakamfunika uso, na alipotoka aligundua kuwa anaogopa. Anaogopa kweli, mtu mzima, baharia, na mtumbwi uko nyuma yake karibu kiasi cha kumsikia akiita, na yeye haiti. Aliona haya. Aibu ile ilikuwa nzito kuliko mikono yake, na kwa mara ya kwanza alijua alichokuwa akiwataka watoto wafanye wakati akiwaambia, "Ni kunyosha mkono tu."

Akanyosha mkono.

Duni aliuona, akanyosha wake akampungia.

"Duni!"

"Naam, Maalim! Waenda vizuri!"

"Njoo... unichukue... mwanaharamu weye!"

Duni aliacha mzaha. Alipiga kasia mara mbili tatu, akamshika Ngwali kwa mabega, akamburura ndani ya mtumbwi kama papa. Ngwali alilala kifudifudi akitapika maji ya chumvi. Pwani kulikuwa kimya kabisa. Halafu, ndani ya kimya kile, sauti moja ilipanda, nyembamba na ndefu, na Ngwali aliijua sauti hiyo tangu utotoni. Dada yake alikuwa anapiga kigelegele.

"Bi harusi kaja!" Mwanapili alipiga kelele. "Jamani, tumempata bi harusi mwenye ndevu!"

Wambaa haikuwahi kucheka hivyo. Watu walianguka mchangani. Mzee yule wa samaki alishikwa na kwikwi ikabidi apigwe mgongoni. Duni naye, alipoona Maalim anapumua, hakuweza kujizuia. Alianza kuimba huku machozi ya kucheka yakimtoka.

Ngwali alikaa kitako, akapangusa uso. Kila mtu pwani alikuwa akimtazama yeye. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazama maji.

Watoto watatu walikuwa wanakwenda. Wa nne, wa mbele, alikuwa amesimama. Kichwa cha Abrahman kilikuwa juu ya maji, kimegeukia mtumbwi, na hata kwa mbali ile Ngwali aliuona mdomo umekazwa. Kichwa kilizama kidogo, kikatoka. Ngwali hakuita. Alitaka kuita, akashika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, lakini hakuita. Alimwambia Duni tu, kwa sauti ya chini, "Acha kuimba. Geuza mtumbwi. Piga."

Na kabla mtumbwi haujamaliza kugeuka, mkono ulitoka majini. Mwembamba, umenyooka wima, vidole vimefumbuliwa. Abrahman aliuacha juu, hakuushusha, mpaka walipomfikia.

"Mguu, mjomba," alisema walipompakia. Msuli ulikuwa umejikusanya kama ngumi. Ngwali aliukamata, akaukanda na kuunyosha, na kijana akauma meno bila kulia. Fungu Jeupe halikuwa mbali. Angalijikaza kidogo angaliweza kufika, na angaliweza vilevile kutofika.

Mtumbwi ulikaa pale mpaka wale watatu walipokanyaga mchanga wa Fungu, kisha Duni akageuza kuelekea pwani. Hakuimba. Alikuwa anawatazama hawa wawili, mmoja mtu mzima mmoja mtoto, wote wanatetemeka.

"Mjomba," Abrahman alisema. "Weye ulichoka kweli, au ulifanya makusudi?"

"Nilipanga kufanya makusudi. Kisha nikachoka kweli."

"Ukanyosha palepale?"

Ngwali alitazama maji. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "La. Nilikawia."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Abrahman alimtazama mjomba wake kama anayemwona upya. Kisha akacheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na baridi. "Hata miye," alisema. "Ila nilikuona weye unaimbiwa, na hukufa."

Pwani walikuwa wameshamwona abiria wa pili, na kelele zilikuwa zinaanza upya, bi harusi wawili kwa chombo kimoja, haijapata kuonekana. Abrahman alitazama ule umati. Ngwali alimtazama Abrahman. Kijana alinyosha mkono akachukua shuka ya Duni iliyokuwa kwenye omo, mbele ya mtumbwi, akajifunika kichwa mpaka usoni, akajiinamisha kama bi harusi mwenye haya zake, na mkono mmoja akautoa nje wa kubusiwa. Watu walipagawa. Hata Mbarouk, pale pembeni, alikaa chini akacheka mpaka akashika tumbo, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba.

Mwanapili aliingia majini na kanga yake mpya mpaka kiunoni. Yeye hakuwa akicheka tena. Aliifunua shuka, akamshika mwanawe mashavu, akamgeuza huku na huku kumkagua, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Kashindwa," alisema. "Ulisema kweli, Ngwali. Hakuwa tayari, na miye nikamtanguliza."

"Juzi hakuwa tayari," Ngwali alisema. "Leo kavuka. Wete anakwenda, na miye nitalala usingizi."

"Kavuka vipi na hakufika?"

Ngwali alitazama kule Fungu Jeupe, ambako wale watatu walikuwa wakirukaruka mchangani na kupunga mikono kwa ushindi.

"Huyu n'shamjua," alisema. "Wale waliofika ndio bado sijawajua."

Kisha akamnyooshea Duni mkono amsaidie kushuka.